Kinu cha Generose: maisha ya marehemu Jean-Berchmans Nzeyimana

Bandugu, majirani, na nyinye ba parwasi, mukae. Nimesikia vile munanung'unika kule nyuma, ati kilio gani hii haina sombe, majani ya muhogo ya kutwanga, ni maharagi na ndagala tu. Minye njo nilikataza. Mutajua juu ya nini, lakini marehemu anatangulia.

Marehemu Jean-Berchmans Nzeyimana alizaliwa Luberizi, tarehe 3 mwezi wa tano 1952, mutoto wa Ndihokubwayo na Nyirabahizi, balimaji ba mupunga. Minye dada yake nilimutangulia kuzaliwa, nikamubeba ku mugongo. Alikuwa mutoto wa kusikiliza. Ulikuwa unamutuma kufukuza ndege mu mupunga, unamukuta amekaa chini anasikiliza vyura, na ndege banakula.

Alisoma primaire ku Sange, kisha miaka mbili ya sekondari. Minye balinitosha ku masomo ili yeye asome. Hiyo nayo sijasahau.

Mwaka 1974 kampuni moja ya malori ilimupa kazi ya foni hapa Uvira, ile redio ya kusemea na miji ya mbali. Siku nzima ni kupiga kelele ku mashini, "Kalemie, nakupata, nakupata." Alikuwa na kazi nzuri na viatu safi. Telefone za mukono zilipofika, kazi ikakufa. Bakamupa ile mashini ya kuzeeka kama asante, akaibeba ku kichwa mupaka nyumbani, anacheka kama mutu amepewa ng'ombe.

Alimuoa Generose wa Mutarule tarehe 16 mwezi wa saba 1977. Generose alikuwa na mudomo mudogo na mikono ya kazi. Nilitafuta kosa lake miaka mingi, sikuona.

Alipokosa kazi, marehemu akasema atajifunza morse. Ni lugha ya ti na taa, sauti fupi na sauti ndefu, bazee ba foni ba zamani balizungumza nayo na yeye hakuwahi kuijua. Alikuwa na mwenzake kule Kalemie wa kumujibu ku ile mashini. Alijaribu na vikaratasi, kesho yake amesahau. Alijaribu na casque ku masikio kisha kula, analala. Alijaribu kutembea ku njia ya Kavimvira anasema ti-taa, ti-taa, mupaka bantu bakaniuliza kama amehama dini.

Asubui moja Generose anatwanga sombe, yeye iko ku meza ndani. Akatoka mbio.

"Rudilia ile."

"Nirudilie nini? Nimetwanga, nimesugua."

"Njo hiyo. Umesema A."

"Baba Délice, minye sijasema kitu. Nimefunga mudomo tangu asubui."

Toka pale akapata utaratibu wake. Kutwanga mara moja ni ti. Kuzungusha mutwangio ndani ya kinu ni taa. Kila asubui Generose anatwanga herufi moja mupya, anaichanganya na za jana, na bwana iko ku meza anataja. Bila kuhesabu. Alisema ukihesabu umeisha kupotea, sherti usikie herufi vile unasikia jina yako. Sombe ikilainika, masomo imeisha. Lakini kulainika gani? Siku moja nilimuuliza, "Hii ni sombe ao ni chakula ya mbuzi?" Akanijibu, "Dada, leo tulikuwa ku Q. Q inasugua mingi, inatwanga kidogo." Generose akacheka mupaka akakaa chini.

Alisema tena kila mutu ana mukono wake ndani ya morse, kama sauti, huwezi kuuficha. Mukono wa Generose ulikuwa wa kusugua polepole.

Baadaye Generose hakumuita tena na mudomo. Chakula ikiiva, anatwanga: KUYA, ni kusema njoo. Naye anajibu ku meza, ngumi ya ti na kiganja ya taa: NGOJA. Kila siku ngoja. Minye kusoma kwangu ni kwa shida, na nilikuwa naishi mu parcelle yao, kiwanja kimoja nao, basi hizo maneno mbili ziliniingia mu kichwa bila kuzialika.

Mwezi wa ine 2020, muto Mulongwe ulifurika, ukaacha njia yake. Generose alikuwa chini ya parcelle, kwa kinu. Maji ya vile inameza sauti ya mutu, lakini kinu inapita. Alitwanga KUYA. Marehemu alifikiri ni chakula. Akapiga meza: NGOJA. Yeye mwenyewe njo alituambia. Kinu tuliikuta ndani ya matope. Generose hatukumukuta.

Bantu bananiambia nimusamehe juu amekufa. Kufa si dawa. Sijamusamehe.

Tuliweka kinu nyuma ya jikoni, hakuna mutu aliigusa. Kisha miezi kidogo ikaanza. Asubui, wakati ule wa sombe: KUYA. Délice binti yake alienda kuangalia, akakuta mutwangio umelala ku ukuta, mukavu. Na ndani marehemu iko anapiga meza: NGOJA. Ilikuwa vile miaka mitano. Nilimwambia, "Acha kumujibu." Akasema, "Dada, nikinyamaza atafikiri sisikii."

Sukari ilimushika mwaka 2023. Ilianzia ku kidole ya muguu, ikapanda ku macho. Infirmier wa kumupa dawa alikuja, akarudi, akaacha kurudi. Jumanne, tarehe 10 mwezi wa sita 2025, asubui, kinu ikaita. Marehemu akatosha mukono ndani ya blanketi, akauweka ku ubao wa kitanda. Minye niko pale nasikilizia ngoja yake. Ilianza na N, nikajua ni ile. Lakini kisha N akapiga A, kisha A akapiga yote ya Generose, polepole. Nakuya. Tulipomufunika, mukono ulikuwa ungali ku ubao.

Ameacha batoto batatu, Délice, Dorine na Ganza, bajukuu tisa, na dada mumoja, minye.

Sasa musikie ya sombe. Sombe inataka kinu, na ile kinu jana niliipindua kichwa chini, nikaweka jiwe juu yake, isiite tena. Leo asubui, mbele ya nyinye kufika, imetwanga. Haikuwa mukono wa Generose. Ulikuwa wa haraka, wa mutu anasemaka "nakupata" mbele ya kuitwa. Umesema KUYA. Batoto balikuwa inje kwa maturubai. Ndani tulikuwa babili tu, yeye mu sanduku, na minye ku meza yake.

Nimepiga meza, ngumi na kiganja: NGOJA.

Jean-Berchmans apumzike kwa amani, na angoje. Generose alingoja.