Beseni Lililofunikwa Jikoni

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi. Mwalimu Mkuu, mwenyeji wetu. Mwenyekiti wa wavuvi na kamati yako. Bwana Samaki wetu, afisa uvuvi unayestaafu leo, pamoja na mama watoto. Ndugu wageni waalikwa. Nanyi wanafunzi mliojaa madirishani: nawasalimu kwa heshima.

Mimi ni mpishi wa shule hii, mwaka wa kumi na tisa sasa. Nimepewa dakika tano na karatasi. Karatasi imeandikwa na kamati ya wavuvi. Inataka nimshukuru Bwana Samaki, kisha nikuombe, Mheshimiwa, uifungue leo ghuba ya matete, iliyofungwa ili samaki wazaliane, miezi miwili kabla ya wakati wake. Saini ya kwanza ni ya mume wangu. Yule pale safu ya tatu, ameshaanza kukohoa.

Ndugu zangu, mnakumbuka tulivyomwita mtu huyu? Bwana Rula. Alipima samaki ufukweni kwa rula ya mtoto wa darasa la tatu, na nyavu za macho madogo alizichoma, ukiwamo wavu wa mume wangu. Nyumbani kwangu jina lake halikutajwa miaka miwili. Mimi mwenyewe niliikataa salamu yake sokoni, na leo naona haya.

Lakini nani amesahau mwaka ule kabla hajaja, tulipovua kwenye mazalia ya ghuba ile kwa vyandarua? Wiki tatu tulishiba. Kisha ziwa likatunyima. Muhula mzima nilipakua chakula bila kitoweo, watoto wakilala madawatini saa nne asubuhi, na muuguzi aliyekuja kuwapima uzito alitikisa kichwa tu. Nyama ni ya wenye nacho. Samaki ndiye anayefika hadi kwenye sahani ya mtoto wa maskini, na anayeiharibu ghuba ile anatoboa sufuria yangu.

Mwenyekiti, usinionyeshe saa. Dakika zangu hazijaisha.

Leo alfajiri kamati ilileta beseni la sato kwa ajili ya karamu hii. Wanono kweli! Nilipomfungua wa kwanza mdomo nimwoshe, vitoto vilimwagika kiganjani mwangu kama punje za mtama, vingine bado vinachezacheza. Sato hulea watoto mdomoni. Wavuvi mnajua kuliko mimi. Mlitaka kumuaga mzee kwa heshima, mkaenda kumvulia palepale alipopalinda miaka kumi na minne! Hamkuwa na nia mbaya, na hilo ndilo linalonitisha.

Bwana Samaki, siku moja uliniambia jikoni, "Mama, mimi silindi samaki. Nalinda foleni yako ya sahani." Nilikucheka. Nisamehe, kaka yangu.

Mheshimiwa, barua ya kuifungua ghuba imo katika faili hilo mbele yako, na kalamu unayo. Karatasi yangu siisomi. Baba watoto, utakachoniambia nyumbani nitakisikia nikifika.

Samaki wale sikuwapika. Mezani kuna maharage. Beseni liko jikoni, limefunikwa kwa kitambaa. Kabla hujatia saini, Mheshimiwa, nakuomba usimame twende, ukamfungue mmoja mdomo kwa mkono wako mwenyewe.

Ninyi wengine, asanteni kwa masikio yenu. Hakuna atakayepakuliwa mpaka turudi.