Chanzo Kinajulikana kwa Mwandishi

Ndugu zetu waombolezaji, historia hii inasomwa na mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa familia, na kabla hajaanza hana budi kueleza kwamba nusu yake ya kwanza aliiandika marehemu mwenyewe, mwezi Machi mwaka huu, akiwa kitandani, kwa kalamu ya wino, na kwamba kila tarehe ameiwekea namba ndogo, kisha chini ya ukurasa ameeleza habari hiyo kaipata wapi na kwa nani. Waliofanya naye kazi naona wameanza kutabasamu, na watabasamu tu, maana wanamjua.

Marehemu dada yetu alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1962, wodi ya wazazi, kitanda cha pili kutoka mlangoni, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne wa baba yetu mwashi na mama yetu mshonaji, na chanzo cha habari hiyo ni kadi ya kliniki pamoja na mama, ambaye alikuwa akisema kwamba huyu mtoto hata kulia alilia kwa sauti ya chini. Tangu utotoni alikuwa hazina ya siri za mtaa mzima, kila mtoto aliyekuwa na lake la kuficha alilipeleka kwake, na lilipofika kwake lilikuwa limefika.

Mwezi Agosti 1974, baba alirudi kutoka kazini akakuta pima maji yake, ile rula ya mbao yenye kioo na tone la maji katikati, ambayo fundi mwashi bila hiyo hajengi ukuta ukasimama wima, imepasuka kioo na kufichwa chini ya gunia la saruji, akatuita wote wanne barazani, akauliza mara moja tu. Dada alikuwa na miaka kumi na miwili, alijua aliyefanya, na baba alijua kwamba anajua, lakini alinyamaza, na kwa kunyamaza huko akanyimwa kwenda na darasa lake kuona uwanja wa ndege, safari aliyokuwa ameisubiri muhula mzima na aliyokwisha kuipigia pasi sare yake. Katika karatasi zake tukio hili amelipa namba, na chini ya ukurasa ameandika maneno manne tu: chanzo kinajulikana kwa mwandishi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, sekondari 1976 hadi 1979, kisha akajiunga na chuo cha uhazili, alikohitimu mwaka 1981 akiwa na uwezo wa kupiga chapa maneno sabini kwa dakika bila kutazama vidole. Tarehe 1 Februari 1982 aliajiriwa kuwa mpiga chapa katika wizara inayosimamia mambo ya ulinzi, na tarehe 3 Julai 1989 akahamishiwa masjala ya siri, chumba cha ghorofa ya pili kisicho na dirisha la nje, chenye makabati kumi na moja ya chuma, mashine ya kuchana karatasi, na kijidirisha kidogo cha kupokelea barua, akakaa humo miaka thelathini na miwili. Wenzake walimwita Kabati, na jina hilo alilipenda kuliko cheo chochote alichopewa. Barua haikutoka mikononi mwake bila saini kwenye daftari, na saini hiyo iwe ya wino, awe ni tarishi au ni mkubwa mwenye nyota mabegani.

Tarehe 21 Desemba 1985 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi bomba, mtu wa maneno mengi na kicheko kikubwa, na Mungu akawajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1987 ambaye leo ni muuguzi, na wa kiume aliyezaliwa mwaka 1991 ambaye ni dereva wa lori. Shemeji hakuwahi kujua mkewe anafanya nini hasa kazini, watu wakimuuliza alijibu, "Mimi nimeoa kabati, na ufunguo sijapewa," wakacheka, naye akacheka nao, ingawa sisi tuliokaa naye karibu tulijua kwamba zipo siku hakucheka kutoka moyoni. Watoto nao walikua wakijua kwamba mama akirudi anavua viatu, ananawa mikono, na habari za kazini zimeishia getini.

Kati ya mwaka 2003 na 2007, akiwa kazini, alisoma masomo ya jioni akapata shahada ya utawala. Alistaafu tarehe 13 Machi 2022, akakabidhi funguo kumi na moja na madaftari yote bila ukurasa kupungua, tukadhani sasa atapumzika, atapanda mboga na kulea wajukuu. Kumbe mwenzetu alikuwa na lake, na mwezi Oktoba mwaka ule ule akaanza kusomea Shahada ya Uzamili ya Mikakati na Usalama, akiwa na miaka sitini na miwani mipya.

Darasa lilikuwa na wanafunzi ishirini na wanne, kumi na tisa kati yao wamevaa sare, na siku ya kwanza alipoingia, kanali mmoja aliyekaa kiti cha mbele alisimama wima kama anakaguliwa, kwa sababu mwaka 2004, alipokuwa luteni mdogo, Kabati alimrudisha kutoka kijidirishani mara mbili katika siku moja kwa kusaini daftari kwa penseli. Kanali huyo, ambaye yupo hapa nasi leo, darasa zima likambatiza Penseli, akawa rafiki yake mkubwa, wakawa wanasoma pamoja kwenye meza ya jikoni ya shemeji kila Jumamosi asubuhi, yeye akimfundisha dada kutumia kompyuta, na dada akimfundisha kuandika sentensi yenye mwanzo na mwisho.

Kwenye masomo ya darasani aliongoza. Kulikuwa na zoezi moja la kupanga ulinzi wa mtambo wa maji wa mji, makundi yote yakachora doria, vizuizi na helikopta, naye akainua mkono akauliza ufunguo wa chumba cha pampu unakaa kwa nani, na mtu huyo akiwa likizo anamwachia nani, na mhadhiri, brigedia mstaafu ambaye baadaye ndiye aliyemsimamia tasnifu, alitafuta jibu katika makaratasi yake yote akalikosa. Ndipo dada alipopata mada yake, mchango wa watumishi wa ngazi ya chini katika kulinda taarifa za ofisi za umma, yaani matarishi, wafagizi, wapiga chapa na walinzi wa lango, watu ambao katika vitabu vyote alivyosoma hakuwaona hata kwenye faharasa.

Tasnifu aliiwasilisha tarehe 19 Februari 2024, nakala nne, kila nakala ina namba, kila ukurasa una mhuri wa SIRI aliouchongesha kwa fundi, na brigedia na watahini wote wakalazimika kusaini daftari kabla ya kukabidhiwa. Walisaini huku wakicheka, lakini walipofungua wakaacha kucheka, kwa maana kurasa zilikuwa mia moja na arobaini zenye maarifa ambayo hawajawahi kuyaona popote, na tanbihi zilikuwa mia mbili na sita, na zote mia mbili na sita zilisema maneno yale yale manne, chanzo kinajulikana kwa mwandishi.

Tarehe 6 Mei 2024 ilirudishwa. Watahini waliandika kwamba kazi isiyotaja vyanzo haiwezi kupimwa, na isiyoweza kupimwa si utafiti, na kwamba marekebisho yafike kabla ya tarehe 30 Novemba, vinginevyo mwanafunzi ataondoka bila shahada. Alirudi nyumbani akakaa jikoni na tasnifu yake mapajani, akamwambia Penseli aliyekuja kumpa pole, "Mwanangu, nimekula kiapo kabla hujajua kufunga kamba za viatu, leo mnaniambia nitaje watu?" Penseli, ambaye hakuwahi kumjibu tangu siku ya penseli, akamwambia, "Mama, hawajakuambia utoe siri za ofisi. Wamekuambia useme nani kakufundisha." Siku ya tano dada akampigia simu amletee ramani ya njia za mabasi.

Kwanza aliomba barua ya ruhusa katika ofisi yake ya zamani, akapewa, kisha akaanza kuwazungukia watu wake wote ishirini na watatu, mmoja mmoja, kwa miguu na kwa basi, kuwauliza kama wanaridhia majina yao yaandikwe. Alikuwa na hofu kwamba watamfukuza. Mfagizi mmoja, mama mtu mzima aliyestaafu zamani, alimtazama sana akamwambia, "Miaka thelathini nimefuta meza za wakubwa, nimeokota karatasi zao nikazipeleka zinakotakiwa, hakuna aliyewahi kuniuliza naitwa nani. Andika, tena andika kwa herufi kubwa." Dada alisimulia kwamba alilia ndani ya basi wakati wa kurudi, na huyo ni mtu ambaye hatukumwona akilia hata kwenye msiba wa baba. Tarishi mmoja tu alikataa, na dada akamshukuru, akaenda kuufuta ushuhuda wake wote, ingawa ulikuwa ndio ukurasa mzuri kuliko yote.

Tarehe 2 Septemba 2024, akiwa amebakiza watu tisa, daktari alimwambia kwamba maumivu ya tumbo aliyokuwa akiyatuliza kwa maji ya moto ni kansa, na kwamba imekwisha kusambaa. Ndugu waombolezaji, hilo hatukuambiwa. Alilifungia moyoni kama alivyozifungia barua za serikali kabatini, akarudi nyumbani, akavua viatu, akanawa mikono, akapika, na kwa wiki kumi akapanda mabasi na ugonjwa ule kuwafuata watu tisa waliobaki, huku binti yake muuguzi akimwona anakonda na kuambiwa kwamba ni masomo.

Tasnifu aliirudisha Jumatatu tarehe 11 Novemba, siku kumi na tisa kabla ya mwisho, haina mhuri na haina daftari, na Jumapili iliyofuata, saa nne asubuhi, akatuita sote sebuleni. Akagawa karatasi, kila mtu yake, yenye jina la daktari, tarehe za vipimo, majibu, dawa, na muda aliokadiriwa, na kila sentensi ina namba, na chini kuna chanzo. Shemeji alisoma, akavua miwani, akauliza kwa nini alituficha wiki zote hizo, naye akajibu, "Nilizoea, baba watoto. Nisamehe, ndiyo kwanza najifunza." Tulikasirika, na hasira hiyo tunaitaja hapa kwa sababu yeye mwenyewe angetaka iandikwe, lakini shemeji alisogeza kiti, akakaa karibu naye, akamwambia aanze mwanzo, na kuanzia siku hiyo mpaka wiki yake ya mwisho walikuwa wakizungumza, yeye akieleza na fundi bomba akisikiliza, jambo ambalo katika miaka thelathini na tisa ya ndoa yao lilikuwa geni kwa wote wawili.

Tarehe 4 Februari 2025 aliitetea tasnifu yake akiwa amekaa, Penseli akimshikia chupa ya maji, mbele ya watahini watatu, kwa saa moja na dakika ishirini, akafaulu kwa marekebisho madogo ya chapa, mtu wa maneno sabini kwa dakika, akasema hiyo ndiyo aibu pekee aliyopata chuoni. Tarehe 11 Machi mkutubi wa chuo alimletea fomu kitandani, kwa maana tasnifu za masomo yale huwekwa kwenye rafu ya kufungwa mpaka mwandishi aamue, na fomu ilikuwa na visanduku vitatu, siri, matumizi ya ndani, na wazi kwa wote. Aliomba kalamu ya wino, binti yake akamshika kiwiko, akatia alama kwenye kisanduku cha tatu.

Marehemu alifariki dunia Ijumaa tarehe 23 Mei 2025, saa nne na nusu asubuhi, wodi ya kansa, mumewe akiwa amemshika mkono na watoto wake wote wawili wakiwepo. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, wadogo zake watatu, na tasnifu moja ambayo yeyote kati yenu anaweza kwenda kuiomba, yenye majina ishirini na mawili kamili, na la yule mama mfagizi limeandikwa kwa herufi kubwa. Shahada yake itapokelewa na mumewe siku ya mahafali, tarehe 18 Julai, na joho Penseli amekwisha kulichukua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kumweleza ukweli kila alipouuliza, inawashukuru majirani ambao tangu Novemba hawakutuacha hata siku moja, wafanyakazi wenzake wa masjala, brigedia, mkutubi, na darasa lake zima, na kwa namna ya pekee wale watu ishirini na wawili, pamoja na yule mmoja ambaye hatujui jina lake na hatutaliuliza.

Imebaki namba moja katika karatasi zake, ile ya Agosti 1974. Ameiacha vile vile mpaka mwisho, kila namba nyingine ameitajia chanzo chake na hiyo hakuitajia, na mdogo wake aliyepewa karatasi hizi azisome amekaa nayo siku tatu akijua kwamba ameachiwa makusudi. Baba hayupo, mama hayupo, uwanja wa ndege ule dada hakwenda kuuona. Pima maji iliangushwa kutoka dirishani na mtoto wa miaka saba aliyekuwa anaichezea, akaificha chini ya gunia, akasimama barazani akanyamaza huku dada yake akiadhibiwa, na mtoto huyo ndiye anayewasomea hapa. Chanzo ni mimi, dada. Pumzika kwa amani.