Luhende na Kesi ya Kijiweni

Luhende alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda kimoja cha kuchambua pamba hapa Bariadi, mpaka alipopewa barua ya kufukuzwa. Kosa lake: kuacha mtambo bila ruhusa. Na kweli aliuacha. Aliuzima, akambeba mwenzake Salu aliyenaswa mkono, akamkimbiza hospitali. Tangu hapo kila asubuhi aliileta barua kwenye benchi la kahawa, na kila asubuhi benchi likaahirisha kesi. Majaji walikuwa wawili: Marcelo, anayeitwa Wakili kwa kuwa aliwahi kutoa ushahidi kwenye kesi ya ng'ombe, na mzee Ndalahwa, anayeitwa Dodoma kwa kuwa kila jambo hulipeleka huko.

— Nenda Mahakama Kuu moja kwa moja, alisema Wakili. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Sasa Mahakama Kuu iko mvunguni?

— Mahakama ya nini! alidakia Dodoma. Panda basi, ukalale geti la Bunge mpaka mbunge akukanyage.

— Akinikanyaga si ndiyo kesi ya pili hiyo, babu?

— Hiyo nakusimamia bure, alisema Wakili.

— Au tufunge barabara kwa ng'ombe, alisema Dodoma, malori ya pamba yasipite. Tajiri atakuja mwenyewe kupiga magoti!

— Ng'ombe wa nani?

— Wako.

— Sina hata ndama.

— Basi ngoja ununue. Haraka haraka haina baraka.

Walicheka. Luhende naye alicheka, huku akiikunja barua yake.

Pembeni alikaa mama mmoja, Justina, akisubiri baiskeli yake izibwe pancha.

— Kaka, barua ulipewa lini?

Luhende aliikunjua, akahesabu kwa vidole.

— Leo ni siku ya ishirini na nane.

— Una siku mbili. Kesi ya kufukuzwa inaanzia Tume ya Usuluhishi, ndani ya siku thelathini. Jaza fomu, nakala mpelekee mwajiri akusainie. Mimi nilichelewa. Wakaniuliza sababu, sikuwa nayo.

Akawageukia wazee.

— Na nyie, siku zote hizo mlikuwa mnangoja nini?

Dodoma alikohoa. Wakili akachungulia kikombe chake kitupu. Luhende alikuwa ameshavuka barabara.

Fomu iliingia kesho yake. Siku ya usuluhishi Salu alikuja kutoa ushahidi, mkono ungali na bandeji. Meneja wa kiwanda aliutazama mkono ule, kisha akaomba kalamu asaini mapatano: Luhende arudi kazini.

Luhende alitoka nje, akaketi kwenye ngazi, machozi yakamtoka. Akampigia simu mama yake, kule kwao Lagangabilili.

— Mayu, narudi kazini!

— Heh! Kwani ulikuwa wapi, mwanangu?