Mwalimu Mabel Nampoto na Daftari la Upande wa Baba

Baba Padri, wazee wetu, walimu wenzake na marehemu, majirani wa Nanganga na wote mliotoka mbali, poleni kwa safari na poleni kwa msiba, familia inaomba mtupe masikio yenu kidogo, kwa kuwa maneno haya marehemu aliyaandika nusu kwa mkono wake mwenyewe, na nusu iliyobaki ameiacha kwa mtu aliyemchagua.

Marehemu Mwalimu Mabel Cecil Nampoto alizaliwa tarehe 4 Aprili 1930 katika kijiji cha Mkunya, Newala, mtoto wa kwanza wa mzee Cecil Nampoto, mwalimu wa dini, na mama Isabela. Tarehe 11 Juni 1937 baba yake alishika kichwa akiwa shambani asubuhi, akasema kinapasuka, na kabla jua halijawa kali alikuwa ameshafariki. Kwa kuwa kwetu ukoo hufuata tumbo la mama, Isabela alichukua watoto wake wawili, Mabel na mdogo wake Barnaba, akarudi kwa kaka zake hapa Nanganga, na tangu siku hiyo watu wa Mkunya wakawa watu wa kusikia tu.

Alisoma shule ya misheni hapa Masasi, akapata cheti cha ualimu mwaka 1951, na tarehe 16 Oktoba 1954 alifunga ndoa na fundi seremala Silvesta Mkwinda, ambaye leo yupo mbele yetu, mtu mpole, aliyesema daima kwamba katika nyumba yao mwanafunzi mtoro alikuwa yeye. Walijaliwa watoto watatu, Ursula mwaka 1957, Claudia mwaka 1959, na January, aliyezaliwa mwezi mmoja baada ya Uhuru, siku ambayo mama yake aliimbisha watoto wa shule mpaka sauti ikakauka na tumbo lake likiwa mbele.

Mwaka 1966 alihamishiwa shule moja ya Newala, juu ya mteremko wa Ruvuma, wakati vita ya Msumbiji imepamba moto, akafundisha watoto wetu pamoja na watoto wa wakimbizi kwenye benchi moja, na pembeni ya darasa wakachimba handaki, wakawa wanakimbilia humo ndege zikisikika, naye akiendelea kuwauliza jedwali la saba humo humo. Waliopita mikononi mwake wanajua kwamba ndege haikuwa sababu ya kutojibu.

Tarehe 23 Agosti 1970 mdogo wake Barnaba, mwenye umri wa miaka 37, alianguka hapa Nanganga akishika kichwa, akafa siku hiyo hiyo, na hapa familia inasema wazi, kwa sababu marehemu aliagiza lisemwe wazi. Kikao cha ukoo kilikaa, kikasema mkono uliomuua ni wa mkewe, Leonia, na Leonia akafukuzwa pamoja na watoto wake wawili arudi kwao Kitangari. Mwalimu Mabel, aliyezoea kumjibu hata Afisa Elimu, siku hiyo alikaa kimya, na ameandika kwamba aibu ya kimya kile hakuwahi kuivua.

Mwaka 1973 alirudi kufundisha Nanganga, akahamia na wengine katika kijiji cha ujamaa. Tarehe 2 Mei 1979 binti yake Ursula, mwenye miaka 21, akiwa anapiga pasi, alipata maumivu ya kichwa ya ghafla, akafariki njiani kwenda hospitali. Daktari, Dokta Rwechungura, mwenyeji wa Bukoba, aliomba ruhusa ya kuupima mwili, akakuta mshipa wa ubongo uliokuwa umevimba kama punje ya choroko, ukapasuka. Alimweleza mama kwamba udhaifu huo unaweza kurithiwa, akamwomba ataje ndugu waliokufa hivyo, na Mwalimu Mabel, mtu wa rejista, akawataja watu wa ukoo wa mama yake vizazi vitatu, hakupatikana mwingine ila Barnaba. Dokta, ambaye kwao mtu huhesabiwa kwa baba, akamuuliza habari za baba yake, naye akajibu kwamba baba hayumo katika ukoo wetu. Dokta akaweka kalamu chini, akamwambia taratibu kwamba damu haijui ukoo wa mama wala wa baba, hutoka pande zote mbili.

Basi akajifunga kibwebwe, akapanda Mkunya na daftari la shule, akakuta ndugu za baba wametawanywa katika vijiji vitatu vya ujamaa, akawafuata kimoja kimoja kwa miguu. Aliandika majina manne, baba yake, baba mdogo, na watoto wawili wa baba mdogo huyo, wote walishika kichwa, wote walikwenda siku hiyo hiyo, na kwa kila mmoja kulikuwa na mtu aliyesingiziwa.

Hapo alitambua kwamba watoto wa Barnaba nao wana damu hiyo, na kwa desturi yetu wao ni wa ukoo wa Leonia, hakuna ambaye angewaambia. Tarehe 9 Septemba 1979 alifika Kitangari, akapiga magoti uani, na Leonia hakumwinua. Alimwacha hapo kwa muda mrefu, akiendelea kupepeta mchele, kisha akamwuliza kama amekula. Alipomaliza kula ndipo akaeleza lililomleta.

Tangu hapo alizunguka kila nyumba ya pande zote mbili, akieleza kama alivyoelezwa, kwamba si laana, si kila mtoto hurithi, mtu apime presha, aache tumbaku, na kichwa kikiuma ghafla kwa ukali kuliko kilivyowahi kuuma, akimbizwe hospitali, wala kisiitwe kikao kwanza. Shangazi yake wa Mkunya aliacha ugoro akiwa na miaka sabini, akamnunia mwaka mzima.

Tarehe 8 Agosti 1985, akichambua mboga, alishika kichwa, akamwita Claudia, akamwambia kwamba ndicho chenyewe. Alifikishwa hospitali ya Mkomaindo ndani ya saa moja, akaishi siku tisa, siku ambazo wengine hawakupata, akaaga watu wake mmoja mmoja, na tarehe 17 Agosti akafariki, akiwa na miaka 55.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, majirani mliolala nje pamoja nasi, na Tabibu Fakihi wa zahanati, ambaye amekaa pale barazani na kipimo cha presha, na kwa agizo la marehemu hakuna wa damu yake, wa upande wowote, atakayepewa chakula kabla ya kupimwa naye.

Aliagiza pia kwamba asitafutwe mtu wa kulaumiwa, na kwamba historia hii isisomwe na mtu wa ukoo, isomwe na Nikolao, mtoto wa Barnaba na Leonia, ambaye ndiye huyu anayewasomea, na mama yake amekaa mstari wa mbele, pamoja na wafiwa.

Pumzika kwa amani, Shangazi, safari hii tumehesabiwa wote.