Mlinituma Niseme Hapana

ORRIN: Haloo? Nani mwenzangu?

THIRZA: Nani mwenzako. Hata namba ya dada yako umeifuta?

ORRIN: Thirza. Simu mpya hii, namba hazikuhama zote. Shikamoo.

THIRZA: Marahaba. Uko wapi?

ORRIN: Njiani. Theluji imeziba barabara huku chini, magari hayaendi.

THIRZA: Huku chini wapi?

ORRIN: Huku, bwana. Mkutano wa mji umeanza?

THIRZA: Umeanza na umesimama. Mwenyekiti, Bi Corliss, ametupa dakika kumi watu wanywe kahawa. Mimi niko jikoni nyuma ya ukumbi, katikati ya masufuria ya maharage, maana mtandao unashika hapa dirishani tu. Kwa hiyo sikiliza haraka—

ORRIN: Baba yupo?

THIRZA: Yupo. Mstari wa mbele, kwenye kiti chake cha magurudumu, na ile tai ya kijani. Nimemfungia mwenyewe. Imekaa upande, lakini imekaa.

ORRIN: Anaongea?

THIRZA: Neno lile lile. Tangu kiharusi cha Oktoba ni "ndiyo" tu. Baba, una njaa? Ndiyo. Umeshiba? Ndiyo. Nikuache hapa nikajitupe mtoni? Ndiyo.

ORRIN: (anacheka kidogo) Angalau mmoja katika ukoo anakubaliana nawe.

THIRZA: Miezi mitano, Orrin. Peke yangu.

ORRIN: Najua.

THIRZA: Maji ya miti tunayochemshia sukari yameanza kutoka, na hakuna aliyetundika ndoo hata moja ya kuyakinga. Haya, tuache hayo. Wameleta ombi hoja ya kwanza ifutwe.

ORRIN: Ya babu Jotham?

THIRZA: Kwani kuna nyingine? Yule Ames, aliyenunua shamba la juu, kasimama, kasema kwa adabu kabisa kwamba mji wenye madaraja mabovu hauna haki ya kupoteza saa nzima kila Machi ukimhoji marehemu wa miaka mia mbili na zaidi. Watu wamempigia makofi. Mikono yangu nayo ilitaka.

ORRIN: Si ana hoja?

THIRZA: Anayo. Bi Corliss kamjibu kwamba desturi ni desturi. Akiwepo Wadlow yeyote wa ukoo wetu wa kujibu, Jotham anaulizwa. Asipokuwepo, jina linatoka kwenye karatasi ya mkutano na halirudi tena.

ORRIN: Lakini Baba si yu— (mkwaruzo) —hapo?

THIRZA: Unakatika. Baba atajibu nini? "Jotham Wadlow, tulikutuma Boston useme nini?" Naye aseme "ndiyo"? Swali la kwanza tu ameshakosea, na watu mia moja wanatazama viatu vyao. Sitaki, Orrin. Amesimama pale miaka arobaini na moja. Kila Machi anajibu yale maswali matatu kwa niaba ya Jotham, kila Machi wanapiga kura ya kutomsamehe, halafu anakwenda kula maharage pamoja nao. Asimalizie hivi.

ORRIN: Basi simama wewe.

THIRZA: Mimi karani. Karani anaandika, hasemi.

ORRIN: Na mimi nimehama. Si mpiga kura tena. Mgeni haongei mpaka—

THIRZA: —mpaka ukumbi umruhusu. Nimeomba kwa maandishi. Wamepiga kura.

ORRIN: Wakasemaje?

THIRZA: Sitini na moja kwa hamsini na nane.

ORRIN: Waninyime?

THIRZA: Wakuruhusu. Ni watu watatu tu, usivimbe kichwa.

ORRIN: Wanaukumbuka mkono wangu, Thirza.

THIRZA: Nani asiyeukumbuka? Kura ya Jotham, miaka minne iliyopita. Ukoo wetu huwa tunakaa kimya, wewe ukanyoosha mkono juu. Asisamehewe. Na Baba yuko pale mbele anakutazama.

ORRIN: Ukumbi mzima ulimtuma Baba! Kwenye bodi ya wilaya akatae, shule isifungwe. Akaenda, akakubali. Shule yangu. Watoto tisa. Akarudi nyumbani, akavua kofia, akaniambia, "Wameahidi basi la wadogo." Basi! Jotham yule yule.

THIRZA: Basi lilikuja.

ORRIN: Najua lilikuja.

THIRZA: Na ya Jotham yalikuja. Walimtuma aikatae Katiba mpya ya nchi kwa sababu haikuwa na mstari hata mmoja wa kumlinda mtu mdomo wake na nyumba yake. Huko Boston wakamwahidi, kubali kwanza, mistari itaongezwa. Akaamini. Karibu miaka minne—

ORRIN: —ikaongezwa. Usinifundishe, mimi ndiye mwalimu.

THIRZA: Ulikuwa.

ORRIN: Haya.

THIRZA: Nisamehe. Nimechoka, nasema vitu.

ORRIN: Sote tumechoka. Kule mjini nilikohamia natazama habari jioni, wanapigana kuhusu Katiba ile ile mpaka leo. Nazima. Halafu nakaa gizani najiuliza kwa nini nimezima.

THIRZA: Orrin. Paa lilianguka.

ORRIN: Paa gani?

THIRZA: La shule. Januari, theluji ya siku tatu mfululizo. Jumanne, saa nne asubuhi.

ORRIN: Saa ya hesabu.

THIRZA: Nilikwenda kuona. Madawati yote tisa yalikuwa bado ndani. Lile la mbele limepasuka katikati.

ORRIN: La mbele alikuwa anakaa Phebe. Baba alijua kuhusu paa?

THIRZA: Alisema.

ORRIN: Hakusema. Nilikuwepo.

THIRZA: Alisema mbele ya ukumbi, na kitabu changu kinayo, mwandiko wangu mwenyewe. "Bwana Wadlow asema paa halitavuka majira mengi ya baridi." Mlikuwa mnapiga kelele. Wewe kuliko wote.

ORRIN: Mbona hukuniambia? Januari yote hiyo, Februari—

THIRZA: Nikuambie nini? Baba alikuwa sahihi, njoo umwogeshe? Nilitaka uje bila hilo. (kengele) Haya, hiyo kengele inawarudisha watu, unanipa jibu gani niwa— Ngoja. Orrin.

ORRIN: Naam.

THIRZA: Nimeisikia mara mbili. Dirishani, na kwenye simu. Uko wapi, mdogo wangu?

ORRIN: Hapa nje, uwanjani. Nyuma ya lori la kuzolea theluji. Tangu saa tatu.

THIRZA: Injini inawaka?

ORRIN: Nimeizima. Wangeona moshi.

THIRZA: Mjinga wewe. Saa mbili nzima kwenye baridi hiyo.

ORRIN: Nilifika mpaka ngazini. Nikasikia wanacheka ndani, nikarudi.

THIRZA: Walikuwa wanamcheka Ames. Kakalia sahani ya pai.

ORRIN: (anacheka) Jibu la kwanza na la pili nayajua. "Mlinituma niseme hapana." "Nikasema ndiyo." Lakini la tatu, wakiuliza kwa nini. Baba alikuwa anajibuje?

THIRZA: Kila mwaka vingine. Mwaka ule wa mkono wako alisema, subiri, nalikumbuka lote. "Kwa sababu nilisikia kitu huko ambacho ninyi hamkukisikia, na sikujua namna ya kukibeba mpaka nyumbani."

ORRIN: Nilidhani anamsemea Jotham.

THIRZA: Alikuwa anakutazama wewe.

ORRIN: Na wasiposamehe?

THIRZA: Hawajawahi. Maharage yatakuwepo vile vile.

ORRIN: Thirza, chaji yangu inaisha—

THIRZA: Na mimi wananiita. Bi Corliss ameshashika nyundo ya kuitia kikao. Pita mlango wa jikoni, ngazi za mbele zina barafu. Jina lako nimeliandika tayari. Kwa wino. Usinifanye nilikate.

ORRIN: Umeandika saa ngapi?

THIRZA: Jana.

ORRIN: Baba anajua nipo?

THIRZA: Asubuhi nilimuuliza kama utakuja.

ORRIN: Akasema nini?

THIRZA: Unajua alichosema.

ORRIN: Lakini anasema hivyo kwa kila—

THIRZA: Mlango uko wazi, Orrin. Ukipita mbele yake mnyooshee tai. Mimi nitakuwa naandi—