Mama Springi na Shokapu za Gari la Baba Yake

Mke, mama, dada na bibi huyu tunayemsindikiza leo, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Springi, alizaliwa tarehe 14 Juni 1961, mtoto wa kwanza katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya gereji. Baba yake alikuwa fundi magari, mama yake mshonaji. Ukuta kati ya kitanda chake na gereji ulikuwa wa mbao tupu, na mama yake alipenda kusema mtoto huyu alizoea mlio wa nyundo kabla ya kulizoea jina lake. Mdogo wake wa kike, anayesoma maneno haya, alikuja miaka sita baadaye akamkuta dada keshajitwalia kigoda kando ya benchi la kazi. Kigoda hicho hakikuwa cha kugawana na mtu.

Baada ya shule ya msingi na sekondari, alijiunga na chuo cha ufundi mwaka 1978. Kwa kuwa ni msichana, walimpanga darasa la ushoni. Hakugombana na mtu. Alishona vibaya mno, lakini cherehani mbovu zilizokuwa zimelala kabatini zikaanza kufanya kazi moja baada ya nyingine, mpaka mwalimu wa ushoni mwenyewe akaenda kwa mkuu wa chuo. "Mhamisheni huyu," alisema, "kabla hajaanza kufungua na madirisha." Alihitimu ufundi magari mwaka 1981 na kurudi gereji kwa baba.

Kazi yake ilikuwa chini ya gari: springi, bushi za kwenye maungio, na shokapu zinazotuliza mdundo. Alipenda magari ya zamani, na aliyapenda zaidi yote lile la baba, gari la kijani lililonunuliwa kabla yeye hajazaliwa. Shokapu zake za mbele si bomba kama za siku hizi. Ni bonge la chuma lililojaa mafuta, lenye mkono unaosaidia kulishika tairi. Zikivuja, gari hudunda njia nzima na kuinamisha pua kila ukigusa breki. Mwaka 1983 zilivuja, na mpya hazikupatikana popote. Baba na binti wakazifungua wenyewe. Baba alichonga bushi za shaba, binti akazisugua mpaka zikaingia. Walipomaliza, baba alichukua patasi akagonga nukta mbili chini ya kila shokapu. "Moja yangu, moja yako," alimwambia. Baba alifariki mwaka 1994 akamwachia gari hilo.

Mumewe alimpata kwenye duka la vipuri, au tuseme mume ndiye aliyepatikana, kwa sababu alikuwa nyuma ya kaunta na hakuwa na pa kukimbilia. Kazi yake ilikuwa kupokea shokapu mbovu na kumpa mteja nyingine iliyokwisha kutengenezwa.

"Leta yako ya zamani, chukua hii," alimwambia. "Unafunga leo leo."

"Na yangu itakwenda wapi?"

"Itatengenezwa, atapewa mtu mwingine."

"Huyo mwingine ana yake. Si apewe yake?"

"Dada, umekuja kununua au kunihoji?"

"Nimekuja kununua mafuta ya breki. Wewe ndiye uliyeanza."

Alinunua mafuta ya breki siku hiyo, akarudi kuyanunua wiki iliyofuata, na nyingine tena. Baba yake alishangaa gereji imepatwa na nini. Walifunga ndoa tarehe 3 Desemba 1988, na ubishi ule wakahamia nao nyumbani. "Ukiifungua utatupa mipira, utatupa bushi, utachonga shafti mpya," mume alikuwa akisema wakila. "Sasa kinabaki nini?" Naye alikuwa akijibu bila kuinua macho, "Inabaki yenyewe." Lakini asisingiziwe kuwa alikuwa mkaidi kwa kila mtu. Dereva wa teksi akija, ambaye gari lisipotoka watoto hawali, alimwelekeza mwenyewe: "Nenda kwa mume wangu, ubadilishe, urudi kazini." Kwa gari la baba tu ndipo hakutaka kusikia.

Mwishoni mwa mwaka 2023 shokapu za gari la baba zilianza kuvuja tena. Alizitoa, akazifungua, akaloweka vipande kwenye karai la mafuta ya taa. Fundi mchonga vyuma alikubali kumtengenezea shafti mpya. Kabla hazijawa tayari, tumbo likaanza kumuuma, na Aprili 2024 akaambiwa ana saratani ya ini. Daktari, kwa nia njema kabisa, alianza kumweleza habari za chujio na mabomba. "Daktari, mimi si gari," alimkatiza. "Niambie kama mtu." Akaambiwa kama mtu.

Mikono ilianza kuisha nguvu. Alikaa mbele ya karai, akashika kipande, akakirudisha. Alisema ana hamu ya kitu kimoja: gari la baba limpeleke kwa mdogo wake, ng'ambo ya mji, na kumrudisha. Novemba alilazwa. Mume wake akaenda kwa mchonga vyuma, akaambiwa mashine imeharibika na haijulikani itapona lini. Akarudi nyumbani akalitazama lile karai. Kisha akavikusanya vipande, akavifuta kimoja kimoja, akavipeleka dukani kwake na kuchukua shokapu mbili zilizokuwa tayari. Fundi jirani akazifunga. Familia inajua kwamba mtu huyu hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anaogopa, na hofu yake ilimtuma mbio.

Mama Springi aliporuhusiwa kurudi nyumbani akalikuta gari limesimama kwa miguu yake, alilia kwa furaha. Alidhani mchonga vyuma amemaliza. Alikaa mbele, mume akashika usukani, na mpaka kwenye reli aliimba. Walipovuka reli, gari likadunda tofauti na alivyolizoea, akaacha kuimba.

"Simamisha."

Mume akasimamisha.

"Hizi za nani?"

Angeweza kumdanganya, lakini hakuwahi kumweza kwa uongo. "Za dukani. Nilibadilisha. Nilitaka upande gari lako."

"Zangu ziko wapi?"

"Zimeshachukuliwa. Zimekwenda karakana na zingine."

"Nirudishe nyumbani," alisema. Kwa mdogo wake hakufika. Mdogo wake alikuwa amekaa mlangoni mchana kutwa akimsubiri.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa ngumu. Aliomba maji, aliomba dawa, na zaidi ya hapo mume hakupata neno. Basi mume akaanza kutafuta. Shokapu zilikuwa zimeshatengenezwa na kuuzwa kwa watu, naye akazunguka mji mzima kwa kila mwenye gari la aina ile, akiwa na koti lake la dukani, akijilaza chini ya magari ya watu asiowajua na kupapasa chuma kwa kidole gumba akitafuta nukta. Mmoja alimfungulia mbwa. Mwezi wa Februari aliipata moja, kwenye gari la mwalimu mstaafu. Mwalimu aliposikia habari yenyewe hakusubiri kubembelezwa. Aliliinua gari lake saa ile ile, akaitoa na kumpa. Ya pili haijapatikana mpaka leo.

Mume aliiweka mapajani kwa mkewe kitandani, imefungwa kwa gazeti, akamweleza ilikotoka. Mkewe akaigusa chini, akazigusa nukta. Akaushika ule mkono wa chuma, akaupandisha na kuushusha polepole, ameinamisha sikio.

"Nani katengeneza?"

"Fundi wa karakana. Simjui."

"Anajua kazi." Akairudisha mapajani. "Na huyo mwalimu anaendesha nini sasa?"

"Gari lake liko juu ya mawe."

"Yaani umemng'oa mtu mguu wa gari ukaniletea mimi kitandani?"

"Ni yako."

"Ilikuwa yangu. Karudishe. Na uifunge wewe, usimtume mtu."

Mume alisema hajui. Miaka yote ile alikuwa mtu wa kaunta. Spana alizijua kwa namba zake tu. Basi mkewe akaanza kumfundisha, kila alipopata nguvu kidogo. Jeki iwekwe wapi. Tairi lisiachwe lining'inie kwa bomba la breki. Na boliti za kwenye bushi asizikaze gari likiwa juu. Alishushe kwanza, libebe uzito wake lenyewe, ndipo akaze, la sivyo mpira utachanika. Alimrudisha nyuma kila alipokosea, na kumfokea mara mbili tatu. Binti yao, ambaye ni muuguzi na ndiye aliyemuuguza, anasema tangu siku ya reli hao wawili hawakuwa wamezungumza vile.

Siku moja mume akapiga moyo konde akamuuliza, "Umenisamehe?"

"Nimekuambia boliti unakaza lini?"

"Gari likiwa chini."

"Haya."

Wasifu huu ulipoandikwa, kuna waliotaka iandikwe kwamba alimsamehe. Mume alikataa. "Msiseme alinisamehe," alisema. "Semeni alichosema." Mdogo wake angependa sana kujua dada alimaanisha nini. Ameliwaza neno hilo wiki nzima na moyo wake haujatulia.

Alifariki nyumbani, Jumatano tarehe 19 Machi 2025, saa nne asubuhi, mume wake akiwa amemshika mkono. Ameacha mume, binti, mtoto wa kiume ambaye ni fundi umeme, wajukuu watatu na mdogo wake mmoja.

Mwalimu mstaafu yuko nasi hapa. Amekuja kwa miguu, kwa sababu gari lake bado liko juu ya mawe. Tukishamaliza mazishi, mume wa marehemu ataongozana naye mpaka kwake, na mfuko wa spana za mkewe, kuifunga ile shokapu. Hajawahi kufunga hata moja maishani mwake, na akikwama katikati ya kazi hakuna tena wa kumuuliza.

Dada, lala. Amani iwe nawe huko uliko.