Afande Romano na Njia za Panya za Mapafu

Tarehe 30 Juni 2008 Afande Romano Odur anastaafu, baada ya miaka ishirini na moja katika kliniki za kifua za Jinja na Mbale. Mimi Zubairi, dereva, ndiye niliyepewa kuandika haya, maana hapa hakuna mwingine anayeweza kalamu na usukani pamoja.

Alitujia Jinja mwaka 1987, vita vimetoka tu kupita. Jeshi alikuwa ameliacha, ila jeshi lilibaki kooni mwake. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha wagonjwa pampu ya dawa: toa hewa yote, bonyeza huku ukivuta polepole, kisha zuia pumzi. Kazi nyepesi. Lakini Kiswahili chake kilikuwa cha gwaride. Akisema “Toa yote,” mgonjwa anakumbuka rodibuloki, vile vizuizi vya barabarani askari walikopora watu. Mzee Mugweri wa Bugembe alivua saa, akavua koti, akainamia viatu. Suruali ingefuata kama nisingeingia.

Hayo tuliyacheka. La Kulusumu halikuchekesha. Mama huyu alikausha samaki kwa moshi kule Masese, na moshi ukamkausha yeye kifua. Hatua chache tu, anashika ukuta. Aliposikia “Toa yote,” aliweka kapu lake la samaki miguuni pa Romano, akaenda zake akihema, asirudi. Daktari akasema bila dawa kufika ndani, mama haoni mwisho wa mvua zile.

Romano hakula siku hiyo. Nikampakia garini, nikaruka mashimo ya barabara ya Walukuba hata swala wangeomba lifti, tukamrudishia mama kapu lake Masese.

“Mama, mimi sina bunduki,” Romano akasema.

“Sauti yako inayo, bwana afande.”

Hapo ndipo nilipowaokoa wote wawili. Enzi za magendo nilivusha kahawa Mlima Elgon, magunia ambayo punda wa Mbale wanayasimulia hadi leo. Nikawaambia: anayekimbia barabara kuu hukamatwa rodibuloki. Dawa nayo, ukiivuta kwa pupa, inakamatwa kooni. Iende polepole, ipite njia za panya, vile vijia vyembamba chini kabisa ya mapafu, ugonjwa ulikojificha.

Kulusumu akacheka mpaka akakohoa. Kisha akampa afande maneno mapya: puliza kama unaamsha moto, vuta kama unanusa pilau ya jirani. Akavuta. Mvua zikaisha, naye yuko sokoni anatugombeza.

Mbale, tulikohamishiwa baadaye, wagonjwa walimwita Afande Pilau. Kliniki nzima sasa inafundisha hivyo. Mimi hawanitaji, lakini sina kinyongo. Afande mwenyewe kunong'ona bado hajaweza. Akisali, kanisa la mtaa wa pili huitikia amina.

Asante, afande, kwa pumzi za watu. Mungu akupe uzee mrefu, unaopumua hadi chini kabisa. Kulusumu ametuma neno kwamba kwenye sherehe anakuletea kapu la samaki. Safari hii hakuna aliyemwambia atoe.